Mume Wangu Ananijibu "Soon"

Dada Apolinaria, shikamoo. Naomba unisaidie kwa sababu nimechoka hata kufikiri, mtoto hanipi usingizi na mchana kuna mpunga wa kuanika, nilikuja hapa Puge kwa mama kujifungua kama desturi yetu inavyotaka kwa mtoto wa kwanza, mume wangu Festo akabaki Kaliua kwenye ufundi wake wa pikipiki, tukakubaliana nikipata nguvu atakuja kunichukua, sasa mtoto ameshaota meno anatambaa mpaka jikoni, na kila nikimwandikia kwenye simu unakuja lini ananijibu neno moja, "soon", nami najibu "sawa". Mdogo wangu Levina aliyesoma sekondari anasema maana yake ni karibuni, si muda mrefu, lakini dada, karibuni gani hii? Nikisema nirudi mwenyewe mama ananiambia, "Ulikuja hapa umesindikizwa, leo ujipeleke kama mzigo uliokosa mwenyewe?" Simchukii Festo, akisikia sauti ya mwanawe kwenye simu analia. Hilo neno maana yake hasa ni nini, na je, nisubiri au niende?

Mama Alois, Puge

Marahaba, Mama Alois, na pole kwa kulea.

Levina hakukosea. Zamani sana, kwa Waingereza wenyewe, neno hilo lilikuwa na maana ya "sasa hivi". Watu wakalisema huku wamekaa palepale, kizazi baada ya kizazi, mpaka likalegea. Hawakulilegeza wasemaji peke yao. Waliosikia nao walikubali. Na wewe unajibu "sawa". Hapo nakugombeza.

Ila jiulize: Festo alikuposa kwa Kinyamwezi mbele ya baba yako, anamlilia mwanawe kwa Kiswahili. Mbona hili tu analisema kwa Kiingereza? Kuna jambo linamtia haya. Nadhani anaogopa kuja ukweni mikono mitupu. Nadhani tu, mwenye jibu ni yeye.

Kwa hiyo usiandike tena. Zungumza kwanza na mama yako, akikubali mkwewe aje hata bila kitu, mpigie Festo, umwambie, "Baba Alois, mama hataki kitu, anataka kukuona. Siku gani?" Kisha nyamaza mpaka aitaje.

Siku hiyo ikipita hajatokea, mwombe shangazi yako mwende wote Kaliua. Hutakuwa umejipeleka, utarudi umesindikizwa, kama ulivyokuja. Ukifika usianze na ugomvi. Mpe mtoto ambebe, halafu umuulize kwa Kiswahili kilichomchelewesha.