Alama za Penseli

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba zamu za hospitali zimeipa miguu yako nafasi ya kupumzika. Sisi hapa hatujambo. Mama kikohozi kimemwachia, ingawa bado hukohoa kwa makusudi kila ninapochelewa kurudi nyumbani.

Siku nne nimeogopa kuandika habari hii. Kiti chako cha mbele kwenye okestra amepewa Fundi. Ndiyo, fundi cherehani yule yule uliyemfundisha fidla miaka mitatu iliyopita, aliyekuwa akishika upinde kama mkasi. Mazoezi yalipokwisha, Mwalimu alikiviringisha kijiti chake cha kuongozea kwenye gazeti kama kawaida yake, akasema, "Kiongozi wa fidla kuanzia Alhamisi ijayo ni Fundi." Basi. Kama anayetangaza jibu la hesabu. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, nisije nikaonekana nimenuna.

Miaka sita nimekaa ubavuni kwako nikikufunulia kurasa. Kila mtu alijua ni zamu yangu. Mzee wa Posta, yule anayepiga nyuma kabisa, kwenye stendi ya mwisho ya nota, mwenye bega bovu, alinishika mkono mbele za watu akasema, "Pole, karani." Hiyo pole ndiyo iliyonimaliza.

Huku masjala mkubwa wangu bado ananiita "wewe." Alhamisi ya mazoezi ndiyo siku pekee niliyokuwa mtu. Nina kijiba cha roho, dada, na sijui nikipeleke wapi.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia Mama hajambo, na kikohozi chake bado kina kazi. Mimi mzima; miguu naikanda kwa maji ya moto, inanisamehe.

Usimkasirikie Mwalimu, ana sababu zake. Fundi ni mtu mwema. Huku nami nimepata okestra ya mtaa, si haba. Wewe endelea kutunza makaratasi ya muziki. Kazi hiyo hakuna anayeiweza kama wewe. Na chakula ule, usiseme umesahau.

Dada yako

Alama zangu bado zipo kwenye nota? Usiwaache wazifute zote.

11 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Miguu inaendeleaje? Mama amekufumia soksi, moja ni ndefu kuliko mwenzake, lakini usimwambie nimekwambia.

Nimefanya jambo. Unakumbuka utaratibu wetu: kiongozi wa fidla anaandika kwa penseli kwenye karatasi yake wapi upinde upande na wapi ushuke, kisha mimi nanakili alama hizo kwenye stendi saba za nyuma. Fundi alinipa karatasi yake Jumatatu. Sehemu nyingi alikuwa amefuta alama zako na kuweka zake. Nikaifungia kwenye droo yangu ya masjala, chini ya majalada, nikamrudishia Alhamisi bila kunakili chochote. Stendi saba zikabaki na alama zako. Nilijiambia ni kwa ajili yako, kwani si wewe uliyeandika zisifutwe?

Tulipoanza, stendi yetu ya mbele ikapanda, saba za nyuma zikashuka. Wengine wakamtazama Fundi wakageuza katikati, pinde zikagongana. Mwalimu akasimamisha. "Fundi, watu wako wanashona nguo ngapi kwa mpigo?" Ukumbi ukacheka. Fundi akageuka, akaitazama karatasi ya stendi ya pili, akanitazama mimi, kisha akasema, "Kosa langu, Mwalimu. Sikuwapa alama mapema."

Nami nikafunua ukurasa.

Sasa wajumbe wa kamati wanasema Fundi hawezi. Kamati itakaa tarehe 5 Mei. Wakimtoa, kiti ni changu. Niambie sijakosea.

Mdogo wako

23 Aprili

Mdogo wangu,

Mimi ni mzima. Mshukuru Mama kwa soksi. Nitavaa ile ndefu kwenye mguu unaouma.

Umekosea. Na aliyemchagua Fundi ni mimi. Kabla sijaondoka Mwalimu aliniuliza amweke nani, nikamtaja yeye. Sikukwambia kwa sababu niliogopa kuutazama uso wako. Unampita Fundi kwa kupiga, na mimi unanipita. Lakini katika miaka sita sikukuona ukigeuka kuwatazama wa nyuma hata mara moja.

Chukua karatasi ya Fundi ukakae kwenye kiti cha Mzee wa Posta. Zipige alama zake ukiwa hapo.

Na nikwambie langu. Huku nimewekwa stendi ya mwisho, nyuma ya nguzo. Anayeniongoza ni binti wa miaka kumi na tisa. Niliposoma kwamba Fundi amezifuta alama zangu, nililia. Nilipokuomba zisifutwe, ule ulikuwa wivu wangu. Wewe umeufanyia kazi tu.

Dada yako

30 Mei

Dada yangu mpendwa,

Hujambo? Mama anakusalimu. Mimi nilikukasirikia hata kalamu sikuigusa, ndiyo sababu ya kimya hiki.

Nilikwenda ukumbini Jumanne moja saa ya chakula cha mchana, nikakaa kwenye kiti cha Mzee na karatasi ya Fundi mkononi. Kwenye karatasi yake kuna vialama vidogo kama mkasi uliofunguliwa. Kila msimu nilikuwa nikivifuta, nikidhani ni uchafu. Safari hii nilivihesabu: kumi na sita. Ni pale upinde wako ulipokuwa mrefu, bega lake likashindwa, akanyamaza akijifanya anafunua ukurasa. Fundi alikuwa amebadilisha alama kumi na sita. Pale pale. Upinde mmoja mrefu ameukata ukawa pinde mbili fupi.

Nilinakili zote mchana ule. Nikachelewa kazini, nikaitwa "wewe" mara nne.

Kwenye kamati nilisimama. Nikasema, "Kosa si la Fundi. Droo ni yangu." Fundi akasema, "Nilijua. Alama za dada yako ndizo zilizonifundisha kusoma nota. Nilikuwa nangoja uchoke kuficha." Mwalimu amenitoa mbele. Makaratasi ameniachia, lakini nimehamishiwa stendi ya mwisho, kando ya Mzee wa Posta. Ananiita jirani, na ananuka dawa ya kuchua.

Onyesho lilikuwa Jumamosi iliyopita. Mzee hakunyamaza hata mara moja. Alipiga vibaya mahali pawili, akanikanyaga mguu kwa furaha.

Sitakudanganya, wivu haujaisha. Kutoka nyuma naona mgongo wa Fundi tu, na kile kiti chake bado nakitamani. Lakini alama yako moja ameiacha, upinde wa kupanda kwenye nota ya mwisho. Tulipanda wote.

Niandikie. Hapo nyuma ya nguzo, umekaa na nani?

Mdogo wako, jirani wa Mzee wa Posta