Mezani kwa Kamanda

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha uani,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Kabla ya yote nataka kujua hali yako, ya shemeji, na ya hao watoto ambao nasikia wanakaribia kugusa vizingiti vya juu vya milango. Kifua chako kimetulia na hiyo baridi ya huko? Usijitie zamu mbili mbili hospitalini ukasahau kwamba muuguzi naye ana mwili. Sisi tunapumua. Baba bado yuko kitandani, ila leo ameomba mto wa pili ili aketi, na kwetu hiyo ni sherehe.

Nimekawia kukuandikia kwa sababu sikutaka kukupa habari nusunusu. Simu ina haraka, na jambo hili linataka karatasi. Dada, nimempata mdogo wetu.

Mwezi uliopita Baba aliniita, akaniambia nirudishie mlango. Nilidhani ni habari ya nyumba au dawa. Akasema, "Nenda mjini ukanitafutie mwanangu wa mwisho. Nataka kumwona." Basi. Miaka minane sijasikia akimtaja. Unakumbuka siku waliyogombana: Baba anasema mikono ile ameifundisha yeye, randa na msumeno, haiwezi kwenda kulisha mashine za watu; naye anajibu kwa jeuri ya miaka ishirini, anabeba begi. Tangu hapo tukawa tunaambulia ujumbe wa simu mara moja moja, "Niko salama, salimieni," kila mara kwa namba mpya.

Nilikuwa na fununu moja tu. Dereva anayeniletea vitambaa alisema amewahi kumwona akila mchana kwa mama mmoja, nyuma ya kiwanda cha kuchapa vitabu. Nikafunika cherehani, nikamwachia mke wangu kazi ya kumuuguza Baba, nikaenda.

Getini mlinzi alipekua daftari lake akasema hana mtu wa jina hilo. Nikazunguka nyuma. Huko kuna uchochoro ulioezekwa mabati, meza tatu ndefu na mabenchi yake, bomba moja ukutani, na sufuria zinazotoa mvuke. Mwenye mahali ni mama mfupi mnene mwenye sauti ya filimbi. Wanamwita Kamanda, maana yeye ndiye anayeamua nani akae wapi.

Nikala kama mgeni, Dada, na mgeni mwenyewe asiye na adabu. Nilifika saa nane, sahani zinaoshwa. Nikajitenga pembeni na koti langu la harusini, nikauliza kuna nini na nini, nikaomba kijiko, nikaacha nusu ya chakula. Halafu nikataja jina la mdogo wetu kwa sauti, kama karani anayeita watu. Waliokuwa bado mezani wakainamia sahani zao. Kamanda akaja kufuta meza mbele yangu, polepole, akasema, "Hapa tunauza chakula tu, baba." Walinidhania mpelelezi.

Siku ya pili niliacha koti gesti, nikafika kabla ya saa sita, nikapanga foleni na wenye mafuta ya mashine mikononi. Nikatazama wanavyofanya, nikafanya. Pale huulizi kuna nini. Unaangalia sufuria iliyo wazi, unanyoosha sahani. Unakaa unapoonyeshwa, hata kama goti lako limebanwa na goti la mtu usiyemjua. Humsemeshi mwenzako mpaka ameshusha matonge matatu manne, kwa sababu amesimama tangu alfajiri na njaa yake haina maneno. Ukimaliza unasuuza sahani bombani, unampisha mwingine. Kopo la pilipili lilipopita nami nikajitilia kama wao. Machozi yakanitoka! Mzee mmoja wa kupanga kurasa akacheka mpaka akashika mbavu, akanisogezea maji. Ndiyo mara ya kwanza mtu wa mji ule kunitazama usoni. Sikumtaja ndugu yangu siku hiyo.

Siku ya tatu Kamanda alinipakulia wali, akasita na upawa mkononi.

"Wewe ni nani wake?"

"Kaka yake."

"Mbona hamfanani?"

"Yeye amechukua sura ya marehemu mama."

Alinipima kwa macho. "Hapa tunamwita Msomaji. Hata daftari la getini limeandikwa hivyo; jina lenu hilo mlinzi halijui. Kesho ukae pale mwisho wa meza. Akija usiinuke, usipige kelele. Wewe kula tu."

Alikuja kweli. Amekonda, ndevu zimemtoka, ila ule mwendo wa mama wa kuinamisha kichwa anao vilevile. Mkono wa kulia wa shati lake ulikuwa umekunjwa na kushonwa chini ya kiwiko. Mimi ni fundi, Dada. Jicho langu liliona mshono kabla ya kuona kilichokosekana.

Kamanda akamweka mbele yangu. Hakuinua macho. Akaanza kula kwa mkono wa kushoto, taratibu, na yule mzee wa kurasa, bila kumtazama wala kukatiza tonge lake, akaweka kidole kwenye ukingo wa sahani ya mwenzake ili isiteleze. Meza nzima hakuna aliyegeuka. Nikaelewa kwamba ndivyo wanavyokula pale kila siku.

Kisha akaniona. Mkono wake ukasimama hewani. Nami nikafanya nilivyoagizwa: nikala.

"Kaka," akasema mwishowe, "nani amekuleta?"

"Baba."

"Anajua?"

"Hajui. Hata mimi nimejua sasa hivi."

Akanieleza kwa ufupi, kama mtu aliyezoea kufupisha. Mashine ya kukata karatasi, miaka sita iliyopita. Alilala hospitalini wiki tano, na aliyekuwa akimpelekea chakula ni Kamanda. Siku hizi kazi yake ni kusoma kurasa na kutafuta makosa kabla hazijachapwa. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Ndipo akanitazama.

"Baba alisema mikono hii ameifundisha yeye. Ningerudi nimwambie nini, kwamba nimebakiwa na mmoja? Na kwetu tunakula sinia moja. Ningetia mkono gani?"

Nilimwambia tu kwamba Baba hafiki tena kwenye sinia, tunamlisha kitandani. Akarudisha tonge sahanini. Hilo alikuwa hajalisikia. Akaenda kuomba ruhusa kabla kengele ya kiwanda haijalia, na tulipokuwa tunaondoka Kamanda alitufungia chakula cha njiani, akamwambia, "Nenda kwa baba yako. Nafasi yako hakai mtu."

Alifika mlangoni kwa Baba akiwa ametupia koti begani kuficha mkono. Baba alimtazama, akamwambia alivue. Akalivua. Baba akageuzia uso ukutani, na mimi nilidhani nimeharibu.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mdogo wetu anamnywesha Baba uji, kijiko kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, bakuli kalibana magotini. Baba akameza, akapumzika, akauliza, "Iliuma sana?"

"Iliuma, Baba."

"Nani alikuwa nawe?"

"Wa nyumbani hakuna."

Baba akainua mkono wake, akauweka juu ya ule mshono wa shati. Uji ukapoa, mkono hakuuondoa.

Atakaa nasi mpaka mwisho wa mwezi. Mpigie jioni, anakaa karibu na simu akijifanya hakai. Usimuulize habari ya mkono. Muulize chakula cha Kamanda, atakueleza mwenyewe mpaka afike kwenye mkono.

Mke wangu anakusalimu sana, pia shangazi na majirani wote wa upande wa kisima. Mpe shemeji mkono wangu, wabusu wajomba zangu. Mungu akulinde njiani unapokwenda kazini na unaporudi, na atukutanishe Baba angali nasi.

Ni mimi nduguyo ninayekupenda,
Fundi wako wa cherehani.