Kwa Baba Yetu Mwalimu Tahir, Aliyeandika Juu ya Sahani

Chara, mwezi wa Rajab, 1320

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ututoke, na sisi bado tunaulizana. Watu wakija kutupa pole huwaambia tumeshapoa. Hatujapoa. Tumechanganyikiwa, na wewe ndiye uliyetuchanganya.

Ulikuwa mpole, tena mtani. Ulisomesha watoto wa Chara bila fimbo. Wagonjwa wa mto mzima uliwaandikia kombe, aya za Kurani kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, ili maandishi yaoshwe kwa maji wanywe wapone. Ndizi ulizopewa kwa kazi hiyo ulizigawa njiani, ukafika nyumbani na maganda. Mama akinuna, ulimwambia maganda nayo ni chakula cha mbuzi. Hatukuwa na mbuzi.

Na ulipenda kusimulia maisha yako. Baada ya swala ya alasiri hukukosa barazani. Ulisema aliyepita njia mbaya akanyamaza ni mchoyo, maana wenzake wataipita vilevile. Ukatueleza kijiji chenu cha juu ya mto, mbali kupita Garsen, na asubuhi ile ya uvamizi, dada yako Hasina alipokutia ndani ya mtumbwi akausukuma kwa mikono miwili. Hapo ulikuwa unakoma. Miaka yote, hapo hapo.

"Yaliyobaki nitayaandika," ulisema. "Ulimi hauyabebi."

Tukadhani ni madoido ya msimuliaji.

Kisha ugonjwa ukakushika kooni, sauti ikakatika kabisa. Ukaashiria unataka karatasi. Chara nzima haikuwa na karatasi, kwa hiyo mwanao Athman akaenda kuitafuta Lamu. Wewe uliyetufundisha subira hukuwa nayo. Ukaomba zafarani na sahani, ukaandika kutwa, sahani moja baada ya nyingine, jasho likikutiririka.

Sasa Baba, sisi tungejuaje? Mama hajui kusoma, binti yako Esha hajui kusoma, na nyumbani mwetu sahani yenye zafarani ni dawa. Mgonjwa ameandika kombe, basi ni lake. Mama akatia maji, akaosha maandishi vizuri, akayamimina bakulini.

"Nywa mai haya, Babake Esha, upoe."

Ukamtazama Mama, ukalitazama bakuli. Ukanywa, sahani baada ya sahani.

Athman aliporudi na karatasi, sahani ya mwisho ilikuwa imeoshwa nusu. Akaisoma ukingoni, akashika kichwa.

"Mama, hii si Kurani! Hasina yuko hapa. Mmemnywesha maisha yakwe mwenyewe!"

Mama akaketi chini. Na wewe ukacheka. Mabega yalitikisika na machozi yakakutoka, na Esha mpaka leo anashikilia kwamba ulikuwa unalia. Kilichosomeka ni kwamba Hasina alibaki amesimama majini, akikutazama ukienda. Yaliyofuata yalikuwa bakulini. Ukalinyanyua, ukanywa nusu, nusu ukampa Mama. Naye akanywa, angefanya nini?

Linalotutesa ni lile lililofuata. Athman alikuwekea karatasi mapajani, akakutia kalamu mkononi. Siku zilikuwepo, zafarani ilikuwepo, mkono ulikuwa na nguvu. Ukaikunja karatasi, ukamrudishia. Kwa nini, Baba? Ulichoka? Ulitukasirikia? Au ulishayatoa yaliyokukaa kooni miaka yote, ukaona yatosha? Wewe uliyemwita mchoyo anayenyamaza!

Hatuulizi kwa udadisi mtupu. Leo asubuhi tumekusomea hitima, na msomaji alitaka majina ya marehemu wote wa nyumba hii, awaombee pamoja nawe. Je, Hasina tumtaje? Esha anasema siku moja ulimwambia mto ulimchukua. Komora, rafiki yako wa shamba la jirani, alikuja na mchele wake akatugombeza mbele ya wageni.

"Mwalimu aliniambia mimi, huyo dada iko hai. Iko hai! Nyinyi nataka kuzika mtu hajakufa?"

Wote wawili si waongo. Huenda nawe ulikuwa hujui, ukisema hivi leo na vile kesho. Tumelipinda hili kila upande na halinyooki.

Msomaji akangoja. Athman akamtazama Mama, ambaye kwa mwaka mzima hakutaka habari ya sahani itajwe.

"Msimtaje," Mama akasema. "Mimi nilikunywa, na mle sikuonja mauti."

Basi hatukumtaja.

Haya tunayaandika juu ya karatasi uliyoirudisha. Kipande kilichobaki anaondoka nacho Komora kesho, apande mto kupita Garsen, aulize kijiji kwa kijiji. Mama amemwonya wasije wakakiosha. Tumeandika maneno machache, na kama Hasina yupo na hajui kusoma, atasomewa: "Yule mtoto uliyemsukuma alifika."

Tunaokukumbuka ni mkeo Arafa, wanao Esha na Athman, na rafikiyo Komora. Hatutakusahau kamwe, Baba, hata pale tusipokuelewa.