Sikukuu ya Jina la Hedwig

Toruń, 27 Aprili 1995

Mdogo wangu mpenzi Ludka,

Tumsifu Yesu Kristo. Goti lako linaendeleaje, na wajukuu wameshapona surua? Mimi mwenzio ni mzima, tena mzima kupita kiasi. Nimerudi safari jana, koti bado liko kitini, chai imepoa, na mkono unakimbia kuliko kalamu. Soma ukiwa umekaa. Kama mumeo Zenek anakuchungulia begani, mwambie akaangalie kuku wake.

Unajua kila mwaka wenzangu tuliofungwa Ravensbrück, ile kambi ya wanawake ya Wanazi, huenda kule kukumbuka siku kambi ilipofunguliwa, na kila mwaka mimi husingizia mgongo. Safari hii ilikuwa ni miaka hamsini, na Waleria, mwenyekiti wa kikundi chetu, hakutaka kusikia. Aliniambia mgongo kama unauma utaumia humohumo ndani ya basi. Basi lenyewe, Ludka, ungecheka! Vikongwe watupu, mayai ya kuchemsha mapajani, nyimbo za usichana, na Waleria akipitisha chupa ya pombe ya cheri akiiita dawa ya mgongo wangu. Mpaka tunavuka mpaka mgongo ulikuwa umepona kabisa.

Jioni walituandalia chakula ukumbini. Wafaransa meza yao, Wajerumani meza yao, sisi yetu. Tulipomaliza supu akasimama msichana mmoja mwanahistoria, akasema kuna mgeni anaomba kuzungumza. Alikuwa mama mrefu wa Kijerumani, koti la buluu, ameketi peke yake, mgongo ukutani na uso mlangoni. Jina lake ni Hedwig.

Alizungumza bila kuzunguka. Alisema kambini alivalishwa kitambaa cha pembetatu nyeusi, ile ya waliokuwa wakiitwa wahuni. Kisha akachukuliwa kupelekwa kwenye danguro ambalo askari wa SS wa Hitler walilifungua ndani ya kambi ya wanaume, ili mfungwa aliyefanya kazi kwa bidii azawadiwe mwanamke mfungwa. Waliahidiwa kwamba baada ya miezi sita wataachiwa waende kwao. Hakuna aliyekwenda kwao.

Waleria akaninong'oneza, na mnong'ono wa Waleria anausikia hata aliye uani, kwamba hao walijitolea wenyewe, walilala kwenye shuka na kula soseji wakati sisi tunagombania maganda ya viazi. Mimi nilitazama sahani yangu.

Hedwig akaendelea. Alisema hakuja kuonewa huruma, anamtafuta mtu. Chumba cha jirani yake alikuwako msichana Mpolandi. Asubuhi moja ya Oktoba, wakiwa wanaoga, yule msichana alimpa nusu ya tofaa, akambusu mashavu yote mawili na kumpongeza kwa siku yake. Hedwig akamwambia umekosea, mimi nimezaliwa Machi. Msichana akashikilia kwamba hapana, leo ni siku yako, akaanza kulia, akampongeza tena. Siku ya pili Hedwig alihamishwa, hawakuonana tena. Hakuelewa mpaka leo, lakini kila mwaka tarehe hiyo hununua tofaa, hulikata, hula nusu. Akatutazama sisi wa meza ya Kipolandi, akauliza: hivi siku ile ilikuwa ni siku gani?

Unaona hapo, Ludka? Wajerumani husherehekea siku ya kuzaliwa, hawajui mambo yetu ya sikukuu ya jina, ile siku ya mtakatifu ambaye mtu ameitwa jina lake. Lakini Mpolandi gani asiyejua? Waleria mwenyewe, kabla hajakumbuka kwamba amekasirika, akaropoka: "Si siku ya Jadwiga hiyo! Hedwig ndiyo Jadwiga wetu!" Hedwig akamgeukia, akauliza kwani Jadwiga ni nani.

Nikasikia kiti kimeanguka, kumbe ni changu. Nilikuwa nimesimama. Nikasema, kwa Kijerumani changu kibovu cha kambini, kwamba Jadwiga ni mama yangu. Siku ile ilikuwa sikukuu yake, na mle ndani sikuwa na wa kumpongeza ila wewe.

Basi, mdogo wangu, nimeshasema. Nilisema mbele ya ukumbi mzima, sasa nakwambia wewe kwa mkono wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimekamatwa kwa kutoroka shamba la Mjerumani nilikolazimishwa kufanya kazi. Walitupanga mstari, wakachagua kwa kidole. Hedwig alinyoosha mkono mwenyewe kwa sababu ya ile ahadi, mimi sikunyoosha, na tukajikuta kwenye korido moja yenye milango inayofanana. Tangu juzi sitaki mtu anitofautishe naye. Mtu akiambiwa chagua kati ya hapo na kufa kwa njaa, amechagua nini?

Mle walituvalisha sketi nyeupe za marinda. Sasa kumbuka Juni ya mwaka arobaini na sita, ulipokata shuka pekee nzuri ya mama ukanishonea sketi nyeupe ya marinda, nivae kwenye maandamano ya Ekaristi. Niliichana mbele yako nikatokea mlango wa nyuma. Mama akaamini kambi imeninyang'anya imani, akamwita padri na maji ya baraka, na wewe ukanipa jina la Mpagani, unaniita hivyo mpaka leo kila ukitaka kunichokoza. Ludka, Mungu sijapata kumwacha hata siku moja. Ilikuwa ni sketi tu.

Sikukwambia kwa sababu kwenye harusi ya mwanao walipotajwa wanawake hao ulisema afadhali mtu afe. Hukujua unamwambia nani, na sikuwekei kinyongo. Lakini sikufa, mdogo wangu. Juzi Hedwig alinikumbatia mpaka miwani yangu ikavunjika, tunalia na kucheka kama wendawazimu, na kwa mara ya kwanza nilifurahi mbele za watu kwamba sikufa. Kisha Waleria akaja na chupa yake, akatumiminia sote wawili, akasema yeye ni bibi mpumbavu mwenye mdomo mpana. Sikumpinga. Njiani kurudi alinishika mkono mpaka Toruń, hata nilipotaka kupenga kamasi hakuniachia.

Hedwig anakuja kwangu Oktoba, siku ya Jadwiga. Nimemwahidi keki ya matofaa ya mama, na unajua vizuri kwamba keki hiyo imebaki mikononi mwako tu. Yangu hata kuku wa Zenek wataikataa. Nimeishi miaka hamsini na hofu ya uso wako, na sasa siwezi tena kurudi nilikotoka. Nitapanga sahani tatu mezani. Ukiona huwezi kuja, hiyo ya tatu itakaa hapo hapo, sitaiondoa.

Na ukija, njoo na futi yako ya kupimia. Nataka gauni la sikukuu, nimechoka na kijivu. Nishonee jekundu, la maua, la rangi yoyote utakayoipenda wewe. Nyeupe tu usiniletee.

Nisalimie Zenek, watoto, na wajukuu mmoja mmoja. Goti ulifunge kwa majani ya kabichi usiku, usibishe.

Ni mimi dada yako, yuleyule,

Bogusia