Mama Fedora, Uliyewasemea Wengine

Leo umetimia mwaka, Mama, tangu utuachie nyumba hii na kiti chako cha jikoni kikiwa kimegeuzwa kuelekea dirishani. Hatujakigeuza. Baba anasema ni uvivu wetu tu, lakini yeye mwenyewe hukizunguka kila asubuhi akienda kuchemsha kahawa, na mguu wake ulivyo mbaya, angekuwa amekisogeza zamani kama angetaka.

Tunakuandikia sisi wa nyumbani. Kalamu wamenipa mimi, Loredana, binti yako, kwa sababu wanasema nilikwishazoea kukusemea. Wengi wanaosoma hapa sauti yako wanaijua tangu utotoni. Sura yako ndiyo hawakuwahi kuiona.

Ulipanda jukwaani ukiwa na miaka kumi na saba, katika kundi la ngoma na vichekesho lililokuwa likitumbuiza kwenye kumbi za sinema kabla ya filamu kuanza. Kwa kuwa ulikuwa mfupi, wakakuweka safu ya nyuma. Mlisafiri kwa treni mji hadi mji, mkila mkate na vitunguu, mkifua soksi kwenye masinki ya stesheni. Kisha siku moja kule Terni, mwigizaji mkuu akakaukiwa na sauti. Ukasimama nyuma ya pazia ukasema maneno yake yote huku yeye akichezesha midomo mbele ya watu. Ukumbi mzima haukugundua kitu, isipokuwa bwana mmoja aliyetoka Roma, msimamizi wa studio ya kutia sauti filamu za kigeni. Alikuja nyuma ya jukwaa akauliza, "Yuko wapi yule mama aliyekuwa akisema?" Wakamwonyesha mwigizaji mkuu. Akatikisa kichwa. "Huyu nimemwona. Mimi namtaka niliyemsikia."

Kwa miaka thelathini na sita ukawafanya wanawake wa Marekani na Uingereza waongee Kiitaliano. Ulivaa viatu vya sufi visivyo na mlio na sketi ya pamba isiyochakarisha. Kabla ya kuingia kwenye chumba cha giza ulikula biskuti mbili, kwa sababu mara moja tumbo lako lilinguruma katikati ya kilio cha mjane, ikabidi mjane alie upya. Filamu ilikatwa vipande vifupi, na kila kipande kilizungushwa tena na tena mpaka maneno yako yakae sawasawa kwenye midomo ya mwingine. Penye busu, ulibusu mgongo wa mkono wako mwenyewe mbele ya kipaza sauti. Baba, aliyekuwa dereva wa tramu na mwenye wivu wa kawaida, alikuwa akikuuliza ukirudi:

"Haya, leo umebusu wangapi?"

"Watatu, Ugo. Na wote wamenukia sabuni yako ya kunyolea."

Hata nyumbani hukuacha kazi. Mtu akizungumza nawe ulimtazama midomo, si macho, na wageni wengine walidhani wana chakula kwenye meno. Jikoni ulikaa kwenye kiti chako ukamenya viazi huku ukiwatazama Bi Agnese na mumewe wakigombana upande wa pili wa uani, nyuma ya vioo, tusisikie neno. Wewe uliwatia maneno. Mume akinyoosha kidole, wewe: "Agnese, huyu paka ama mimi!" Agnese akiinua mabega, wewe: "Paka analipa kodi ya nyumba?" Mimi na Sandro, mdogo wangu, tulicheka mpaka tukakohoa. Siku Bi Agnese alipogundua, alikuja kugonga mlango akiwa na mwiko mkononi. "Fedora! Nasikia unanisemea! Basi unisemee vizuri, usinifanye mjinga." Ukamkaribisha kahawa, na kuanzia siku hiyo akawa anafungua dirisha akigombana.

Ulikuwa na nyota wengi, lakini wawili walikuwa kama ndugu zetu wa kambo. Mmoja tulimwita Mwekundu, kwa nywele zake. Huyo alikuwa jina kubwa, mwenye kucheka kwa sauti, na picha zake zilibandikwa kila ukuta wa mtaa wetu wa Garbatella. Wa pili tulimwita Mwembamba, mwanamke wa uso wa huzuni ambaye filamu zake zilikaa ukumbini wiki moja zikaondoka. Mimi nilikuwa mtoto wa Mwekundu. Shuleni nilijulikana hivyo. Nilisimama uwanjani nikawaambia wenzangu, "Mnayemsikia ni mama yangu," na waliponibishia niliwaleta nyumbani, ukawatolea ule mcheko wake ukiwa umefunga aproni, wakaenda zao wameduwaa.

Kisha wakacheza filamu moja wote wawili.

Desturi ya studio ilikuwa kila nyota na sauti yake. Lakini mtu mmoja hawezi kujibishana na nafsi yake kwenye filamu, na ukimwachia mwenzako nyota wako, humpati tena, kwa sababu masikio ya watu yanahamia kwa mwingine. Ilibidi uchague. Hakuna aliyekuwa na shaka ungemchukua nani. Ukaja nyumbani jioni, ukavua koti, ukapakua supu ya maharage na tambi, ukatuambia umemchukua Mwembamba. Mwekundu umempa Wanda, msichana mpya wa studio.

Baba aliweka kijiko chini. "Fedora, umerukwa na akili?"

"Mwekundu hafungi mdomo, Ugo. Yeyote atakayemsemea atasikika. Huyu mwembamba ananyamaza. Akinyamaza lazima uwepo mtu wa kupumua naye, na Wanda bado hajui kupumua."

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Niliona uwanja wa shule, nikaona sura za wenzangu, nikaona yote niliyojivunia yakihamia kwa Wanda. Nikasimama nikakuambia maneno ambayo ndiyo yamenifanya niandike hapa leo. Nilisema, "Kwani wewe ni mwigizaji? Wewe ni mdomo wa kuazima tu. Wakikutoa, hakuna hata mtu mmoja atakayejua."

"Lore! Muombe mama yako msamaha, sasa hivi!"

Ulivuta pumzi, ukaishikilia kidogo, ukaiachia. "Mwache, Ugo. Supu inapoa."

Sikuomba. Kesho yake sikuomba, na baada ya wiki ikawa aibu kulifufua jambo. Mwaka uliofuata nikaenda peke yangu kuitazama filamu ile. Kuna mahali Mwembamba anasomewa barua kwamba mwanawe amemkana. Hasemi kitu. Anavuta pumzi, anaishikilia kidogo, anaiachia. Mama mmoja nyuma yangu akaanza kulia. Mimi niliijua pumzi ile ilikotoka. Nilitoka nje nikasimama kwenye kituo cha tramu nikiziacha zipite, nikajua kwamba siku ile mezani nilikuumiza, na kwamba hukuwa na mahali pengine pa kuyaweka maumivu hayo isipokuwa kazini. Sikukuambia kama niliiona filamu. Nilikuwa muoga, Mama, na niliendelea kuwa muoga kwa miaka thelathini na saba, nikiolewa, nikizaa, nikija kula kwako kila Jumapili.

Halafu likaja lile la koo. Madaktari walikata wanachokata, wakakuacha hai bila sauti. Walikupa daftari uandike, lakini vidole vyako vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, ukalitupa daftari kwenye ndoo ya maganda. Midomo ulikuwa nayo. Kati yetu sote, aliyeweza kuisoma ni mimi, maana nililelewa na mtu aliyeishi kwa kutazama midomo. Nikahamia kwenu nikawa nakusemea.

Mwanzoni nilikuwa hovyo. Daktari akakuuliza umelalaje, nami nikajibu, "Vizuri, tunashukuru," kabla hujafungua kinywa. Ukapiga meza kwa kiganja. Midomo ikasema: nani kakwambia? Ukanishika mkono, ukauweka kifuani kwako, ukanifundisha kungoja mpaka pumzi iingie. Kosa langu la pili lilikuwa adabu. Gengeni kwa Bwana Remo ulishika maharage mabichi ukasema neno, nami nikalilainisha: "Mama anasema yamekaa kidogo." Ukanifinya.

Remo akacheka. "Usinitilie sukari, Lore. Huyu namjua miaka arobaini. Kasema nini hasa?"

"Anasema haya hata punda mwenye njaa atayakataa."

Remo alishika mizani yake asianguke kwa kicheko, akaenda nyuma akatuletea mazuri. Njiani kurudi ulitembea umeinua mabega, ukiringa. Tangu hapo nilikusemea kama ulivyosema, na matusi nayo, hata kwa padri. Miezi kumi na minne. Nikwambie ukweli, Mama, katika maisha yangu yote hatukuwahi kukaa karibu hivyo.

Asubuhi ile ya mwisho ulikuwa umeegemea mito, jua limefika kitandani. Baba alikuwepo, na Sandro na mkewe Mirella. Nilijua siku hazipo tena. Nikainama nikasema, "Mama, yale maneno ya mezani, mwaka ule wa Mwekundu. Nisamehe."

Sandro akauliza, "Maneno gani?" Yeye hakumbuki hata kidogo. Wewe uliyakumbuka. Ulinitazama machoni, si kwenye midomo, kisha ukangoja pumzi iingie, ukasema polepole, na mimi nilisoma kila neno.

"Kasema nini?" Baba akauliza. "Lore, kasema nini?"

Nikamgeukia Baba, nikamwona Sandro kando yake. Ningeanzaje kuyatamka mbele ya mdogo wangu, mimi niliyekaa kimya miaka yote hiyo?

"Anataka maji," nikasema.

Baba akaenda mbio na mguu wake mbovu, akarudi na glasi. Uliyanywa, ili asihangaike bure. Lakini ulinitazama juu ya ukingo wa glasi kama mlivyokuwa studioni mkimtazama mwenzenu aliyeharibu kipande kizuri. Saa saba mchana ulikuwa umeondoka.

Baba alilala karibu mwaka mzima akiamini neno lako la mwisho lilikuwa maji. Aliwaambia watu, "Fedora wangu aliondoka ameridhika, nilimpa maji mwenyewe." Nimemsikia akimwambia Remo, nimemsikia akimwambia Wanda aliyekuja mazikoni amezeeka, akilia kwa ile sauti ya Mwekundu, watu wakageuka kumtazama. Kila mara nimenyamaza. Juma lililopita nilimketisha jikoni nikamwambia ukweli wote. Akasema, "Basi liandike. Mama yako hakupenda kusemewa uongo."

Misa ya mwaka wako itasomwa Jumapili saa nne asubuhi, kanisani kwetu hapahapa mtaani. Baadaye wote mnakaribishwa nyumbani kwa kahawa, na Bi Agnese amesema hataki kusaidiwa kupika.

Unakumbukwa na mumeo Ugo Calvelli, mwanao Sandro na mkaza mwanao Mirella, wajukuu zako Tiziano na Ivana, ambao televisheni ikionyesha filamu za zamani hufumba macho ili wakuone vizuri, Bi Agnese wa dirisha la upande wa pili, na Wanda.

Na ninakukumbuka mimi, binti yako Loredana, ambaye leo nayatoa maneno yako kama ulivyoyasema, mbele ya Baba, mbele ya Sandro na mbele ya kila asomaye. Hukuomba maji. Ulisema: "Ilikwisha palepale mezani, mwanangu. Na umenisemea vizuri kuliko mimi nilivyowahi kumsemea mtu."

Tutakukumbuka siku zetu zote, Mama.