Neno Own na Ng'ombe wa Mzee Ntandu

Jumatatu, 3 Machi
Kidato cha pili, Kiingereza. Nikaandika ubaoni: I own a cow, ninamiliki ng'ombe. Nikajisifu kidogo, maana zizini ng'ombe Madoa yupo na mtamba wake, jike changa. Binti mmoja akauliza hilo own lilitoka wapi. Miaka ishirini na moja nafundisha, sijawahi kuulizwa. Nikakohoa. Nikasema kesho. Kikohozi changu wanakijua.

Jumanne, 4 Machi
Kamusi kubwa ya maktaba imeliwa na mchwa mpaka herufi F. Bahati yangu. Own ni neno la kale, shina lake lilimaanisha kuwa na kitu. Shina hilohilo limezaa owe, kudaiwa, nalo zamani lilimaanisha kuwa nacho tu. Baadaye own likabeba na maana ya kukiri. Darasa likacheka: "Mwalimu, kumbe ukiwa nacho unadaiwa?" Nikacheka nao.

Jumatano, 5 Machi
Jioni, mgeni. Salome, binti wa marehemu mzee Ntandu. Ameolewa Misigiri, na mama yake anakaa naye huko. Baba yake ndiye aliyemweka Madoa kwa baba yangu, kama wafugaji wa hapa Mtinko wanavyowekeana: maziwa na mbolea ni vyetu, ng'ombe na uzao wake ni wa aliyemweka. Wazee wote wawili wameshazikwa. Karatasi hakuna. Shahidi hakuna.
"Shikamoo mwalimu. Mama anasema labda ng'ombe wa baba alikufa ule mwaka wa ukame. Nimekuja kuuliza tu."
Uongo ameniletea umeshaiva, kazi yangu kumeza. Na mtamba nimeshamtaja kwenye mahari ya mwanangu Elia. Nikamwambia mgeni apumzike, tutaongea. Mwoga mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu, Mama Neema, kanipasha: "Ulikuwa unamkamua wewe? Miaka tisa ni mikono hii! Mwambie alikufa." Salome yuko uani anatuoshea vyombo, anatusifia mboga. Afadhali angekuwa mjeuri. Naona aibu. Na mtamba bado namtaka. Vyote viwili.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi nilimpeleka zizini. Nikamwambia: huyu ndiye wa baba yako. Na huyu mtamba kamzaa yeye.
"Na huyu pia?"
"Na huyu."
Akalia. Mimi jasho, kama niliyelima ekari. Mama Neema hakutoka jikoni. Nikampigia Elia. Akasema: "Sawa baba. Tutaomba ukweni watusubiri." Angenitukana ningepumua.

Jumamosi, 8 Machi
Madoa na mtamba wamepakiwa kwenye lori la Misigiri. Zizini wamebaki mbuzi wanne. Mama Neema hasemi nami.

Jumatatu, 10 Machi
Jioni Salome kapiga simu. Wamefika salama, ila Madoa hashushi maziwa, ndoo kaipiga teke mara mbili. Nikaanza kumweleza la kufanya, mimi ambaye sijamkamua hata siku moja. Mama Neema akaninyang'anya simu. "Mwalimu, kaa pembeni." Akamwambia Salome aisogeze simu sikioni mwa ng'ombe, mama yake akamue. Mwenyewe akaketi kwenye kigoda, akaimba wimbo wake wa kukamulia, ule wa Kinyaturu, polepole, vidole vikivuta hewa.
Upande wa pili kimya.
Kisha maziwa, yanagonga ndoo.