Namba ya Baba Inapatikana

Jumapili, 3 Agosti 2025

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Kila siku baada ya swala ya alasiri nampigia simu marehemu baba.

Tulimzika tarehe kumi Mei, kwetu Handeni. Simu yake haikuonekana, tukasema imeangukia shambani. Mimi napiga tu. Yule dada wa mtandao ananijibu kwa upole ule ule kuwa namba ninayopiga haipatikani, nijaribu tena baadaye. Baba alipokuwa hai alikuwa akimjibu: "Baadaye lini, binti?" Namsikiliza mpaka mwisho, ndipo nakata.

La pili – hili hata kuandika ni gumu. Siku aliyofariki alinipigia mara tatu. Nilikuwa nasoma kitabu. Nikazima mlio, nikailaza simu kifudifudi. Nikasema nitampigia nikimaliza sura.

Shangazi Mashavu, dada yake baba, ninayeishi kwake hapa Korogwe, kila siku ananiuliza kwa nini sihami mtandao huu wakati bando lake linakwisha kabla hujafungua picha. Yeye ana laini tatu, anazipokezana kufuata ofa. "Hawa wote baba mmoja," anasema. "Huyu anakuibia asubuhi, yule jioni." Sababu ninayo. Siku ile baba alikuwa amebakiwa na dakika za mtandao wake tu. Mama yuko mtandao mwingine. Kule shambani, na kifua kikimbana, mtu pekee ambaye yeye angeweza kumpigia alikuwa mimi.

Leo saa saba na dakika ishirini mchana umeingia ujumbe kutoka mtandao. Mteja niliyempigia sasa anapatikana.

Nimeusoma mpaka kioo kikazima chenyewe. Nje shangazi alikuwa anapeta mchele. Sikupiga.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepita kwa Dennis, wakala wa simu wa karibu na stendi. Nikasingizia namba ya rafiki yangu. Akasema laini isipotumika miezi mitatu hufungwa, baadaye anapewa mtu mwingine. "Marehemu wengi wanapokea simu siku hizi," akasema, akacheka peke yake.

Nikauliza, nitajuaje kama imepewa mtu mwingine? Akasema jifanye unatuma hela. Jina la mwenye laini linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Ukishaliona, ghairi.

Nimejaribu nyumbani, chooni, mlango nimeupiga komeo. Jina limetokea kwa herufi kubwa. SABIRI ISIHAKA. Jina la baba. Chini yake likaja swali: je, ungependa kuendelea?

Nimeghairi.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo ni siku ya tisini tangu baba afariki.

Tangu Mei nimekuwa nikimwandikia baba kwenye ile app ya meseji ya kijani. Meseji sabini na moja, zote tiki moja. Watu wanasifia app za video, mimi naipenda hii kwa sababu haidanganyi. Tiki moja maana yake imetoka kwako, haijafika kwake. Nilishaizoea. Kwenye tiki moja mtu anaweza kusema chochote.

Nimerudi kutoka shule, nimetoa simu kabatini, nimefungua. Tiki mbili. Zote, kuanzia ile ya kwanza kabisa. Na nikiwa nazitazama zikageuka bluu.

Juu, chini ya jina lake, pakaandikwa: anaandika.

Akaacha. Akaanza tena. Akaacha.

Hakuna kilichokuja. Shangazi aliniita kula, nikasema nimefunga. Akasema kufunga gani Alhamisi jioni adhana ya magharibi ishaadhiniwa?

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepiga. Imeita mara nne. Ikapokelewa.

Kikohozi, mara mbili. Baba alikohoa hivyo kabla ya kusema na mtu yeyote, hata na mbuzi. Kisha:

"Ehe, karani wangu."

Nimekata. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniita karani. Ni kwa sababu nilikuwa namwandikia barua zake za kijiji na kumsomea risiti za mbegu.

Nimeomba ruhusa ya kwenda Handeni kesho kumwona mama. Shangazi akasema nenda, ila uso wako wa kijivu, usije ukawa na malaria.

Jumamosi, 9 Agosti. Handeni

Mama anakula. Bibi Tatu, mama yake baba, ndiye aliyenipa habari hiyo uani, kabla hata sijatua mkoba. Tangu Mei mama alikuwa anadonoa kama kifaranga. Wiki hii amemaliza sahani ya ugali na kuomba kisamvu. Alhamdulillahi, akasema bibi, lakini hakutabasamu.

Mama yumo chumba cha ndani. Eda yake bado mwezi mmoja na siku chache. Haonani na wanaume. Kuhusu kuongea nao kwenye simu, nadhani hakuna aliyewaza. Nilimwamkia, akanikalisha mkekani mbele yake anisuke. Mikono yake ilikuwa ya moto.

"Baba yako anakusalimia," akasema.

Sikugeuka. Alikuwa ameshika nywele zangu.

"Anasema jana umemkatia simu."

Nikauliza, baba yupi, mama? Akavuta nywele kidogo, kama anavyofanya nikitikisa kichwa. "Una baba wangapi?"

Akaendelea kusuka. Alikuwa anaimba kwa ndani.

Alipokwenda kutawadha nilichukua simu yake. Baba Munira, leo, saa nane mchana, dakika thelathini na nne. Jana saa nane. Juzi saa nane. Mpaka Jumapili iliyopita.

Jumapili, 10 Agosti. Handeni

Asubuhi tukimenya mihogo nilimuuliza bibi kama kweli simu ya baba ilipotelea shambani. Hakuacha kumenya. "Aliichukua Mwinjuma," akasema.

Mzee Mwinjuma ni mtani wa ukoo wetu, fundi baiskeli pale kona. Siku ya maziko alivaa kofia ya baba na makubazi yake, akachechemea kama baba, akaingia kaburini akajilaza. Akagoma kutoka. Akalalamika kwa sauti ya baba kabisa kuwa amechimbiwa chumba kifupi, miguu ataiweka wapi? Watu walicheka huku wakilia. Ndiyo kazi ya mtani. Na kitu cha marehemu alichochukua mtani siku ile hakidaiwi wala hakiulizwi. Mimi niliiona kofia tu.

Nikaenda. Alikuwa anaziba pancha. Nikamwamkia.

"Marahaba, mtani. Umekuja kunidai makubazi? Yameshatoboka, baba yako alikuwa na kucha za kima."

Kisha akaniangalia usoni, mzaha ukamtoka.

Alinieleza huku akisugua tyubu. Simu ilikaa kwenye sanduku la spana miezi yote. Jumapili iliyopita aliichaji aone kama bado ni nzima. Baba hakuwa ameweka nywila, aliogopa kuisahau. Haijajaa hata nusu, ikaita: Mama Munira. Kumbe na yeye alikuwa anapiga kila siku. Mzee Mwinjuma akapokea ili amtanie, akakohoa kama baba. Mama hakucheka. Alisema tu, "Umechelewa leo." Akaanza kumweleza mahali paa linapovuja.

"Ningesema nini, mtani? Wewe ungesema nini?"

Nikamwambia haifai, yumo kwenye eda. Akasema anajua. Eda ikiisha baba ataaga vizuri, atasema anakwenda mbali. Nikauliza, na jina la karani umelitoa wapi?

Akatafuta gundi iliyokuwa mkononi mwake.

"Umeandika mwenyewe. Kila meseji mwishoni, wako karani. Nimezisoma zote, mwanangu. Hata ile ya simu tatu."

Sabini na moja. Hakuna kitu ambacho sikusema humo.

Akaifuta simu kwa kitambaa chenye grisi, akanipa. Akasema izime, vunja laini, mpe bibi, amua wewe mwenye baba. Niliishika. Ina mkwaruzo ule ule kwenye kona. Ilikuwa na joto, kama imetoka mfukoni mwa mtu.

Saa nane ikaita mkononi mwangu. Mama Munira.

Niliitazama. Niliwaza sahani ya ugali iliyokwisha. Ikaita, ikaita. Nikamrudishia. Akakohoa mara mbili, akapokea. Niliondoka haraka nisimsikie.

Jumatatu, 11 Agosti. Korogwe

Shuleni sikuelewa kitu. Njiani Dennis aliniita kibandani kwake. Kuna ofa mpya, dakika za mitandao yote, unampigia yeyote unayemtaka. Nikasema sihitaji.

Shangazi alikuwa ametoka. Nikaswali alasiri. Nikafunga mlango wa chumba.

Najua ni nani. Ana kitambaa cha grisi na sanduku la spana. Nilisema hivyo kwa sauti, peke yangu, kabla ya kubonyeza. Nilikuwa nimepanga kumwambia aache, mama ataambiwa ukweli na bibi. Nilikuwa nimeyaandika maneno kwenye karatasi ili nisibabaike.

Imeita mara mbili.

"Ehe, karani wangu."

Karatasi ilikuwa mbele yangu. Nikasema: "Baba, shikamoo. Ile siku, tarehe tisa Mei. Nilikuwa nasoma. Simu niliiona."

Nikatega sikio nisikie nyundo, au baiskeli, au watu wa pale kona. Hakuna. Upepo tu, kama unaopita kwenye mahindi kule shambani.

Sikukata. Niliweka sauti ya juu, nikaiegemeza simu kwenye kitabu, nikakaa sakafuni mbele yake, nikasubiri.